Upande wa Nyuma wa Cheti

Duka la Fotokopi,
Nyuma ya Stendi.
Jumapili, tarehe 12 Oktoba.

Mpendwa Dada,

Hujambo? Na mgongo je? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba umeanza kukusumbua kwa kusimama siku nzima kwenye pasi za hoteli, na tangu hapo kila nikiinua katoni ya karatasi nakukumbuka. Sisi huku wazima. Wifi yako mzima pia, ila presha yake inapanda na kushuka, na mpandishaji mkuu ni mimi, kama utakavyosoma.

Nisikuzungushe. Somo yako, binti yetu mwenye jina lako, ameingia chuo kikuu! Ana namba ya usajili, ana kitambulisho chenye picha amenuna, ana kitanda bwenini ghorofa ya tatu. Uhandisi wa mitambo. Mtoto wa duka la fotokopi, Dada! Nimewaambia watu wote wa mtaa huu, na wale ambao hawakuuliza nimewaambia mara mbili.

Hela zako zilifika kwa wakati, ahsante sana. Nilizichanganya na za ile mashine ya zamani niliyoiuza, tukalipa ada ya muhula wa kwanza benki. Risiti niliitia kwenye bahasha vilevile ilivyo. Hiyo sikuipitisha kwenye mashine ya moto ya kuvika plastiki, usicheke. Karatasi ya aina ile ikipata moto inageuka nyeusi tii, na miaka kumi na tisa kwenye kazi hii si ya bure.

Cheti chake cha sekondari ndicho nilichokipitisha.

Unanijua. Mtaani wananiita Mzee Plastiki. Kila karatasi yenye maana nyumbani kwangu nimeivika plastiki mbele na nyuma: cheti cha ndoa, leseni ya duka, hata kadi za chanjo za watoto ambao sasa wana ndevu. Cheti cha somo yako kilipotoka sikungoja hata chai ipoe. Kikatoka mashineni kinameremeta, nikakitundika juu ya kaunta wateja wakione. Na wewe unajua kwa nini niko hivi.

Jumatatu tukaenda kuandikisha. Foleni mpaka nje ya ukumbi, madirisha sita, kila dirisha na karatasi yake. Dirisha la vyeti alikaa mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Akakishika cheti, akakigeuza, akakigeuza tena. Akasema kila cheti lazima kigongwe muhuri na kutiwa saini upande wa nyuma, na muhuri haukai juu ya plastiki. Kuagiza kingine ni miezi mitatu. Usajili unafungwa Ijumaa saa kumi jioni, na nafasi isiyochukuliwa anapewa anayefuata kwenye orodha. Yote hayo, akasema, yako ukurasa wa nne wa maelekezo. Maelekezo hayo, Dada, nilikuwa nimeyatoa kopi mimi mwenyewe, kurasa zote, nisisome hata mmoja.

Nikakaa kwenye ngazi za ukumbi, mtu mzima na mvi zangu, nikaiona ile siku nyingine. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ulinipa bahasha yenye cheti chako niishike unapooga ili uwahi safari, nami nikaiweka dirishani nikakimbilia mpira. Mvua ile haikufika hata robo saa. Wino wote wa cheti chako ukatiririka, na chuo kikuu kilichokuchagua kusomea ualimu wa hesabu kikampa mtu mwingine nafasi yako kabla cheti kipya hakijatoka. Hukunipiga. Hukunisema hata siku moja. Ukaenda kutafuta kazi mbali, na kutoka huko ukanisomesha mimi. Afadhali ungenipiga. Leo ndiyo mara ya kwanza naliandika jambo hili.

Basi pale kwenye ngazi nikajiona nimeharibu vyeti viwili vya familia moja, cha kwanza kwa uzembe, cha pili kwa uangalifu.

Somo yako akakaa kando yangu. Hakulia, huyo si mtu wa kulia ovyo, kakurithi wewe. Akaniuliza, "Baba, muhuri si unagongwa nyuma? Sasa mbele tuna shida gani?"

Lo! Nyuma ya cheti hakuna neno hata moja. Tukibandua plastiki ya nyuma peke yake, hata karatasi ikichunika kidogo, hakuna herufi itakayopotea. Miaka yote hiyo nafunika, sikuwahi kufikiria kufunua.

Jumanne na Jumatano tulifunga duka mchana ili afanye mazoezi. Pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa, wembe mpya ukingoni, kisha unaivuta plastiki ukiwa umeilaza, polepole, bila kuinua mkono. Leseni ya zamani ikachanika. Kadi za chanjo zikatoka nusunusu. Wifi yako akasimama mbele ya cheti cha ndoa na mwiko mkononi, akasema hicho tukikigusa tutafute pa kulala. Tukakiacha. Karatasi ya kumi na nne ikatoka nzima. Ya kumi na tano nayo, na ya kumi na sita.

Alhamisi saa nane akakilaza mezani cheti chenyewe. Mimi nilitoka nje, sikuweza. Nikasimama barazani nahesabu pikipiki. Nilipofika thelathini na tatu akaniita. Nikamkuta plastiki mkono huu, cheti mkono ule, nyuma kuna michubuko miwili midogo tu, na jasho linamdondoka kidevuni. Nikamkumbatia huku wateja wanachungulia dirishani wakiuliza kama tunafungua au hatufungui.

Ijumaa asubuhi yule mama wa miwani alikipapasa kwa kidole, akauliza nani kaifanya kazi hii. Nikamwonyesha. Akacheka, akasema huyu uhandisi anakuja nao kutoka kwao. Kisha akagonga muhuri. Dada, mlio ule! Nilijisikia kama nimegongwa mimi.

Sasa hili ndilo lililonikalisha kuandika. Dirisha la mwisho walimpa fomu, na swali moja linauliza kama yeye ndiye wa kwanza katika familia kuchaguliwa kwenda chuo kikuu. Anayejibu ndiyo anapata posho ya vitabu. Foleni nzima walikuwa wakijibu ndiyo, nami nilikuwa nimeshaanza kuipangia ile posho. Somo yako akaandika hapana. Chini wanataka utaje aliyetangulia. Akaandika: "Shangazi yangu, ualimu wa hesabu," na mwaka wako.

Sikuwahi kumsimulia habari hiyo. Nilipomuuliza, kumbe ulimwambia wewe ulipokuja likizo, na ukamwambia cheti kiliharibiwa na mvua. Mvua basi. Mimi hukunitaja. Tuliporudi nyumbani nilimwambia nani aliiacha bahasha dirishani. Akasema sasa ameelewa kwa nini nyumba yetu yote ni plastiki. Posho imetupita na iende zake, vitabu nitamtafutia.

Nisalimie shemeji na wanangu wote huko, na yule mwenzako wa kwenye pasi anayekusomea barua zangu miwani ikikupotea. Wifi yako anakusalimu, na somo yako anasema atakuandikia mwenyewe akishazoea ngazi za ghorofa ya tatu. Mungu akupe afya na mgongo usiolalamika, uje umwone akivaa joho.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukuonea fahari,

Mzee Plastiki.

Nyongeza: Ndani ya bahasha nimekuwekea kopi ya ule ukurasa wa fomu. Hii sijaivika plastiki. Ikilowa, ilowe, nimetoa nyingine ishirini.