Freni Mpya za Salumu

Kalemie, Alhamisi, baada ya swala ya alasiri

Kwa Mke wangu mheshimiwa, Mama Zaina,
Alunguli, Kindu

KUHUSU: Freni za pikipiki ya mwananchi Salumu, pamoja na jambo lingine linaloambatana nazo.

Mke wangu,

Kwa heshima, na kwa mapenzi ambayo safari ndefu ya treni haikuyapunguza, ninakusalimu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua cha Zaina kimetulia, na mdogo wake ameacha kula udongo wa ukutani. Mimi ni mzima wa mwili. Habari za moyo nitazitoa mahali pake, kwa kuwa barua iliyopangwa vizuri haichanganyi mambo.

Kusudi la barua hii ni kujibu swali uliloniuliza, na baada ya jibu hilo kukuomba uamuzi. Tafadhali uisome wewe mwenyewe. Usimpe Zaina akusomee kwa sauti, hata kama mwandiko wangu utakuchosha macho.

Uliniandikia hivi, nami nayarudia maneno yako kama yalivyo: "Baba Zaina, weye uko karibu na ziwa kwenye vitu vyote vinapita. Salumu ametia freni mpya kwenye pikipiki, zile za bei ya chini za kutoka Bujumbura, za karatoni nyekundu yenye picha ya jogoo. Anasema ni nguvu sana. Uulize kule kama tunaweza kuziamini, sababu mimi njo ninakaa nyuma."

Swali lako ni la haki. Unakwenda kununua mpunga katika vijiji vya barabara ya Kalima, unarudi na magunia, na kabla ya kufika kwenye kivuko mnateremka ule mlima wa Alunguli ambao mwisho wake ni maji. Freni zikikataa pale, hakuna ukuta wa kuwazuia, kuna Mto Lualaba tu. Niliyafikiri hayo yote. Lakini sikuyafikiri kwanza. Kwanza nilifikiri jinsi jina la Salumu lilivyojaa katika barua ile, Salumu amesema, Salumu ameleta, Salumu amenunua, na jinsi jina langu lilivyoonekana pale juu tu, mahali ambapo adabu ya barua inalidai.

Sitakuficha kwamba habari nyingine ilikuwa imetangulia. Dada yangu Mwajuma, ambaye ni wifi yako na ambaye macho yake unayajua, alimtuma mtu wa reli aniambie kwa mdomo: "Kaka yangu ajue, bibi yake anateremka mulima wa kivuko amemukumbatia Salumu kama mutoto mugongoni kwa mama. Na Salumu mwenyewe, siku ya soko, anavaa abakosti." Mtu wa reli alinieleza haya mbele ya posta, mahali ninapokaa na meza yangu kuwaandikia watu maombi yao kwa Komiseri wa Zone. Mteja alikuwa ameketi mbele yangu, mama mmoja aliyenyang'anywa kiwanja. Aliyasikia yote. Alinitazama kwa huruma, akasema: "Baba, andika kwanza ya kwako."

Ninakutamkia waziwazi, kwa kuwa mimi si mtu wa maneno ya kupinda: nina wivu. Ninaona wivu juu ya ile abakosti, suti ya wakubwa isiyovaliwa tai. Ninaona wivu juu ya siti ya ile pikipiki. Siku zile sikuweza kumaliza sahani ya ugali bila kumwona Salumu akigeuza kichwa kukuuliza kama unakaa vizuri. Salumu ni mjane wa heshima, ni jirani yetu, alisaidia kuezeka nyumba yetu, nami najua hayo yote, hayakunisaidia kitu.

Ndiyo maana nilikwenda kuuliza habari za freni nikiwa tayari na jibu. Nilitaka niambiwe kwamba ni takataka. Nilikuwa nimekwisha kuipanga sentensi kichwani: "Kwa sababu za usalama, ninakukataza kuanzia leo kupanda chombo hicho." Ilikuwa sentensi nzuri, na mtu yeyote angeisoma asingeuona wivu ndani yake.

Jirani yangu hapa ni fundi wa pikipiki, jina lake Asumani, mzaliwa wa Kasongo, mtu wa mzaha. Nilinunua sokoni garnitire zenye karatoni ile ile ya jogoo, yaani vile vyuma viwili vilivyopinda, vilivyogandishwa utando mweusi, ambavyo hukaa ndani ya gurudumu na kulibana. Nilimpelekea.

"Baba wa makaratasi!" akasema. "Leo unataka kushitaki freni?"

Nilimwomba anipe hukumu yake, kama zinafaa au hazifai.

"Karatoni haisemi kitu," akajibu. "Jogoo huyu anafunika nzuri na anafunika mbaya. Chuma si shida. Shida njo ule utando: umegandishwa na kole gani, gundi ya namna gani? Pikipiki ikiteremka mulima, mule ndani munawaka. Ikipita mu maji, munalowana. Kole ya uongo inaachia, utando unatoka, unabaki na chuma juu ya chuma. Tuzipike."

Nilidhani ni mzaha wake mwingine. Lakini aliingia ndani, akatoka na sufuria, akateka maji, akatia zile garnitire na kuinjika kwenye makaa. Mke wake alitoka nyuma yake mbio.

"Asumani! Sufuria yangu ya kupikia sombe njo unatia vyuma?"

"Ni kwa ajili ya bibi ya huyu baba."

"Bibi yake anakulaka freni?"

Zilichemka kama mihogo. Akaziepua, akaweka ncha ya kisu kati ya utando na chuma, akagonga kidogo. Utando mmoja ukabanduka wote, safi, kama ganda la yai. Mke wangu, nitasema kweli: nilifurahi. Nilisimama katika ua wa watu nikiwa na furaha kwamba kitu unachokikalia kinaweza kukuua. Furaha ile haikudumu. Iliposhuka nilikuona wewe na magunia mnaelekea majini, nami nikaketi juu ya tairi kuukuu.

Asumani hakuridhika. "Tununue zingine, kwa muuzaji ule ule, jogoo yule yule," akasema. Tukanunua, tukazipika kwa muda ule ule, akagonga kwa kisu, halafu kwa nyundo, na kisu chenyewe kikapinda ncha. Hazikutoka. Akazitia katika pikipiki yake, akazunguka nayo kutwa kwenye barabara tambarare ili zikae mahali pake, maana alinifundisha kwamba freni mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza. Kisha akanijia.

"Panda nyuma, baba. Tuteremke mulima wa hapa na uzito, kama bibi yako anavyofanya."

Nilipanda nimenyooka, mikono nimeiweka juu ya magoti yangu, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Baba, shika!"

"Nishike wapi?"

"Shika chochote uko nacho!"

Tuliteremka. Sijui nieleze namna gani. Upepo ulinitoa machozi. Katikati ya mteremko alipiga kelele "Sasa!" na akabana freni zote mbili. Pikipiki ikasimama. Mimi sikusimama. Nilitupwa mbele, shavu langu likagonga mgongo wa fundi, na mikono yangu, bila kuniuliza mimi mwenye mikono, ikamzunguka tumbo na kushikana upande wa pili. Tulikaa hivyo. Akina mama waliokuwa wakipanda na ndoo za samaki walitua ndoo zao ili wacheke vizuri.

"Freni iko nzuri," akasema Asumani. "Sasa uniachilie basi. Bibi yangu iko anaangalia."

Mama Zaina, nilirudi nyumbani kwa miguu, nikaifuta ile sentensi yangu nzuri. Dada yangu Mwajuma hakusema uongo, lakini hakuwahi kupanda pikipiki. Nimejua kwamba katika mlima wa kivuko utamshika mtu aliye mbele yako, na kadiri freni zake zinavyokuwa nzuri ndivyo utakavyotupwa zaidi mgongoni kwake. Niliombea freni mbaya, nazo zingekuua. Sasa naomba ziwe nzuri, nami nafahamu zitakufikisha wapi.

Usidhani wivu umekwisha. Umehama tu. Zamani niliona wivu kwa sababu ya mikono yako. Sasa ninaona wivu kwa sababu, unapoogopa, yeye ndiye aliye mbele yako na mimi niko hapa, ninawaandikia watu wengine shida zao.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili. Hizo freni za bei ya chini haziwezi kuaminiwa kwa karatoni yake wala kwa neno la muuzaji, na pia haiwezekani kusema kwamba zote ni mbovu. Kila moja ijaribiwe peke yake. Mwambie Salumu azitoe zile alizozitia, azipike katika maji mpaka zichemke sana, kisha agonge kwa kisu kama nilivyoeleza. Utando ukitikisika hata kidogo, azitupe, asimuuzie mtu. Hata zikikubali, nakuomba ushuke juu ya mlima wa kivuko, uteremke kwa miguu, yeye atangulie na magunia. Utasema huu ni wivu. Ndiyo, ni wivu pia. Lakini Asumani, ambaye haoni wivu, amesema hivyo hivyo.

Pamoja na barua hii mtu wa reli atakukabidhi kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa. Ndani yake ni garnitire zile zilizoteremka mlima nami nyuma. Mpe Salumu. Mwambie zimetoka kwa mume wako, na umtazame usoni unapomwambia. Sikupata kufikiri kwamba siku moja nitamnunulia mwanaume mwingine freni, lakini wewe ndiye uzito ambao freni hizo zitauzuia.

Unisalimie mama yangu mzazi, umwambie mguu wake ninauombea kila swala. Msalimie mjomba wako mwenye duka la chumvi, na mwalimu wa Kurani wa Zaina, kwa heshima zote. Wifi yako Mwajuma msalimie pia. Mwambie habari yake imefika, na kwamba akitaka, Salumu ampandishe nyuma mara moja mpaka kwenye kivuko, ndipo aniletee habari nyingine. Watoto uwabusu.

Ninafika sasa kwenye ombi. Kazi yangu hapa inatulisha, lakini maombi yanaandikwa kila mahali palipo na ofisi, na Kindu ofisi zipo. Mpunga wako nao umekuwa kazi ya kweli, sina haki ya kuuvunja kutoka huku. Kwa hiyo siamuru, ninaomba. Amua wewe: nibaki Kalemie, au nirudi Kindu. Ukisema nibaki, nitabaki na sitauliza tena mikono yako inashika wapi. Ukisema nirudi, nitapanda treni.

Nijibu kwa neno moja.

Ni mimi, mume wako,
Ramazani, Baba Zaina