Kitanda Nilichosema Tukiweke Chini

Mama Paulina,

Nimeshinda. Furaha sina. Mume wako wa darasa la nne ndiye mwenyekiti wa kitongoji sasa. Wamenipa na mhuri. Ungecheka mpaka ukae chini.

Naandika kwenye daftari la Paulina la zamani. Yeye yuko jikoni anasonga ugali. Anasonga kama wewe, mguu mmoja mbele. Siwezi kumwangalia.

Mvua imerudi. Korongo nalisikia mpaka hapa nilipokaa. Ndiyo maana naandika.

Ile siku sijamwambia mtu. Mchana, wewe una uchungu tangu alfajiri, na damu haikatiki. Wanaume walikuja, kila nyumba mmoja kama kawaida yetu, tukakulaza kwenye kitanda cha kamba, tukashuka. Unajua sisi huku, kitanda cha mgonjwa hakigusi ardhi njiani. Bega likichoka anaingia mwingine. Kinachowekwa chini ni cha maiti. Tukafika korongoni, maji kifuani. Gari ya kukupeleka Karatu iko ng'ambo, dereva anatupungia mkono. Wenzangu wakasema tushikane tuingie. Mimi nikaogopa. Mimi ndiye niliyesema, tumweke chini kidogo, maji yapungue.

Ukafungua macho. "Baba Paulina, mbona mnaniweka chini?"

Sikukujibu. Maji yalipungua jioni. Gari haikuwa na kazi tena. Wewe na mtoto, wote.

Siku ya kuzika, Mzee Boay wa duka, ndiye alikuwa mwenyekiti, akasimama akasema kazi ya Mungu haina makosa. Watu wakaitikia. Mimi nina koleo mkononi. Nikamwambia, "Mzee, korongo siyo Mungu. Mungu hajakataza kalavati." Hapo hapo kwenye udongo wako nikasema uchaguzi ukifika nagombea. Mimi, ambaye ulikuwa unanisema, "Wewe hata ng'ombe akipotea unaona aibu kuuliza."

Kwenye mikutano Boay alinichezea. "Huyu hagombei, huyu anatembeza msiba. Jamani, mnampa kura au rambirambi?" Watu wanacheka. Mimi nikapita nyumba kwa nyumba, naahidi kalavati, maji yapite chini na watu juu. Kalavati naijua, ndiyo kibarua changu. Nimelaza mbili kwenye njia ya loji huko juu, magari ya watalii yasikwame yakienda Kreta kuona wanyama. Nikaona mtu anayejua kulaza, atashindwa kuomba?

Kumbe Boay alisema kweli. Ilikuwa rambirambi. Rambirambi mtu anatoa mara moja, anarudi shambani kwake. Nimegonga mhuri kwenye barua za kuomba kalavati mpaka wino umekauka. Ofisini wananiambia subiri. Nikaita msaragambo, kila mtu alete mawe tujaze pale pa kuvukia. Jumamosi ya kwanza walijaa. Ya pili wakaja wachache. Ya tatu ni mimi na Paulina. Juzi mvua imepiga, korongo likabeba mawe yote. Nilienda asubuhi, nikakuta pako vilevile kama siku yako. Kama hatujawahi kushika hata jiwe moja.

Nikakaa pale pale tulipokuweka. Nikasema basi, nawarudishia mhuri wao. Nikuambie ukweli, mimi sikugombea kwa ajili ya watu. Niligombea ili nisikusikie ukiniuliza. Nimeshinda, na bado nakusikia. Nikiwa kazini, nikila, nikiwa kanisani.

Jana Boay alikuja. Mkwe wake, yule mke wa mtoto wake mdogo, tumbo limeshuka. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Mwenyekiti," akasema. Tangu nishinde hajawahi kuniita hivyo. "Ikianza, utakuja kubeba?"

Nikasema nitakuja.

Hakuondoka. "Na maji?"

Mhuri upo mezani, na yeye anauangalia. Alikuwa nao miaka yote ile. Anajua hauvushi mtu.

Leo asubuhi, maji yakiwa magotini, nimefunga kamba ya katani ya kushikilia, toka mti wa huku mpaka ule wa ng'ambo. Boay alinishikia upande mmoja. Kamba yenyewe ni ya zamani, inaweza kukatika. Kuogelea sijui, wewe unajua hilo. Watu wakiiona wanatikisa kichwa, na mimi siwalaumu.

Kalavati siahidi tena. Nilishaahidi sana. Nakuahidi hiki kimoja tu: kitanda cha yule binti kikishuka, mimi nitashika mguu wa mbele, upande maji yanakotokea. Nitaingia. Kwenye bega langu hakitawekwa chini, labda tuende na maji wote.

Na lile swali lako. Uliuliza mbona tunakuweka chini. Niliogopa, Mama Paulina. Hakuna sababu nyingine. Niliogopa maji, na wewe ulikuwa unakufa.

Mlaze mtoto upande wako wa kushoto, ulivyokuwa unamlaza Paulina.

Ugali umeiva, ananiita. Kwaheri.

Baba Paulina