Mashine Ilizima Siku ya Zamu Yangu

Dada Mwanahawa, mke mwenzangu,

Huku Bungu hatujambo. Naanza na habari njema usije ukadhani nimekuandikia kwa shari. Mikorosho imezaa, ua wako bado naufagia, na mume uliyeniachia anakula vizuri. Lakini nakuonea wivu, dada, na nimechoka kuumeza.

Unaikumbuka safari ya harusi ya mpwa wako, kule kwenu Mbwera? Athumani alikuwa bado anaendesha boti. Siku hiyo ilikuwa zamu yangu, kwa hiyo nilikaa nyuma pamoja naye, penye mashine, na wewe ukaenda zako mbele. Tulivaa kanga sare, maana mume wetu, tumpe haki yake, hakuwahi kumnunulia mmoja akamwacha mwingine. Hata sukari alitugawia kwa kikombe kimoja. Watu wa Bungu walikuwa wakisema, anayetaka kuoa wawili aende kwanza kwa Athumani akajifunze.

Tulipoingia kwenye ule mkono wa mto wenye kona kali, mashine ikakohoa, ikazima. Maji yalikuwa yanakupwa, yakaanza kutuvuta kuelekea baharini. Mimi mtoto wa kando ya barabara, niliyezoea mabasi, nilishika ubao kwa mikono miwili nikasoma kila dua niliyoijua.

Athumani hakunitazama. Alisema, "Mwanahawa, pondo." Wewe ulikuwa umeshasimama nalo. Ukalichomeka kwenye tope, ukaliegemea kwa kifua, ukaisukuma boti mpaka kwenye mikoko, ukaifunga kamba. Naye alikuwa ameshafunua mashine anatoa plagi. Hamkusemezana tena. Akanyoosha mkono bila kugeuka, nawe ukaja kutoka mbele, nikasogea kukupisha, ukampa pindo la kanga yako afutie. Kanga ile ile niliyovaa mimi, na mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Mashine ikawaka. Hapo ndipo akakumbuka uadilifu wake, akaniambia nirudi mahali pangu. Nilirudi. Lakini mtu aliyeshtuka hapimi kwa kikombe, dada, na mimi nilikwisha kuona moyo wake umelalia wapi.

Kwenye harusi ulinikuta napara samaki, ukaniambia nisinune, wewe umezaliwa majini ndiyo maana. Nikasema sijanuna. Nilikuwa nimenuna mpaka wapishi wakaniuliza kama naumwa jino.

Kisha mama yako akawa hainuki kitandani. Athumani hakutaka kuhamia visiwani kwenu, nawe hukutaka kumwacha mama, ukaomba talaka yako kwa upole, akakupa huku analia. Pale mlangoni ulinishika mkono ukasema, "Nimekuachia, mdogo wangu. Sasa kila siku zamu yako." Sikufichi, nilifurahi. Nilipika wali wa nazi siku hiyo kama vile kuna sikukuu.

Hazikupita siku nyingi akaacha boti. Anasema maji yamemchosha. Mimi najua hataki kushika mashine wakati wewe hupo kule mbele. Akanunua toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, na mimi nikajifunza kufunga mizigo, kujua mlio wake, kunusa mafuta yakivuja. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nikasema basi nami nitamfaa, tuone. Nakuonea wivu wa mtu aliyepo kumwonea asiyekuwepo, na huo ni mbaya kuliko ule wa zamani. Ulipokuwa hapa angalau niliweza kukukuta kisimani nikakubinulia midomo.

Juzi tulikuwa tunatoka Dimani na magunia ya korosho. Katikati ya mlima toyo ikazima, breki ikakataa, tukaanza kurudi nyuma. Niliruka. Safari hii sikuwa na nafasi ya kusoma dua. Niliokota jiwe, na nilikuwa nimeshainama nyuma ya gurudumu aliposema, "Mwanahawa, jiwe."

"Abee," nikaitikia, nikaliweka.

Toyo ikasimama. Athumani akashusha pumzi, paji la uso limelala juu ya usukani. "Ahsante, mke wangu," akasema. Hakugeuka. Hakujua kaita jina la nani, na mimi sikumwambia. Nilibaki nimechuchumaa kwenye vumbi, sijui kama shukrani ile niipokee au nikutunzie.

Ndiyo maana nimekuandikia. Ile ahsante nimekuletea humu ndani ya barua, dada, maana huenda ni yako. Ukiitazama ukaona si yako, nirudishie. Ninaihitaji sana.

Mpe mama pole, umwambie tunamwombea.

Ni mimi, mke mwenzako mpaka leo.