Noti Yenye Ulituma ku Kilio

Bukavu, Kadutu

Kwako mudogo yangu Kikuni, kule Mwenga,

Mimi yaya yako, dada yako mukubwa, ninakusalimia. Magoti inaniuma, macho ingali inaona, na kinywa yangu unaijua. Na wewe je? Kifua ilipona? Muke yako na watoto wanakula? Shangazi yetu kipofu angali anagombeza kuku kama vile watu? Unijibu yote, usiruke hata moja kama ulivyozoea.

Barua yako ilifika. Unasema mutoto yako mukubwa anaoa, na kila mutu wa jamaa atume chenye iko nayo, mimi kwanza, sababu niko mujini. Nilisoma pole pole, unajua masista walinifundisha kidogo tu mbele baba anitoe ku masomo. Nilisoma mpaka mwisho, nikageuza karatasi, nikatafuta upande ya nyuma. Hakuna pahali umeuliza shemeji yako, muzee yangu, nilimuzika namna gani. Basi mbele ya mambo ya harusi, utanisikiliza.

Huku Bukavu muuzishaji anaangalia noti mbele ya kukuangalia sura. Akiona imechoka, imepasuka, imekuwa laini kama kitambaa ya kupangusa sahani, anakurudishia: haipite. Unatembea nayo soko nzima, haipite. Sasa noti kama hizo zinaendaka wapi? Zinaendaka pahali mutu hana uwezo ya kukataa: mu kitunga ya sadaka, na mu kitunga ya kilio. Maiti haikatae kitu. Mimi sikujua ile. Nilijua siku muzee yangu alikufa.

Watu walikuja wengi, siwezi kudanganya. Alikuwa mutu ya watu. Kila moja aliinama, akalia, akaweka noti yake mu kitunga imekunjwa kabisa, mukono inaifunika. Nilikuwa ninasema ndani ya roho yangu, kumbe watu wa Kadutu wako na huruma. Kisha fundi wa mbao akakuja kukamata makuta, pesa ya sanduku ya maiti. Akakunjua ya kwanza. Akakunjua ingine. Moja ilikuwa na shimo pahali pa shingo ya Mukubwa wa inchi, ile picha yake. Moja ilinuka sambaza, vile visamaki vya ziwa, nikajua ni ya Maman Zawadi mwenye anauzisha samaki. Ingine ilibandikwa na bukari, ugali ya jana, na mende zilikuwa zimekula pembeni. Akazirudisha zote mu kitunga.

"Koko, bibi yangu, pole. Mwenye mbao hatakamata hizi."

"Ngojea," nikamuambia. "Iko ya nyumbani."

Sababu ilikuwako yako. Shofa wa kamyo ya Mwenga alikuwa ameileta asubuhi, ndani ya ambilopi ya barua imefungwa na gundi, nikaifunga mu pembe ya kikwembe nilivaa. Sikuifungua. Niliiwekea mwisho, kama vile mutu anawekea nyama. Nikasimama mbele ya watu wote, mimi na kiburi yangu, nikasema: mudogo yangu iko na shimo ya zahabu kule Mwenga, sasa mutaona namna watu wa kwetu wanazika. Nikapasua ambilopi.

Kikuni. Noti moja, vipande tatu. Vipande tatu umeunganisha na karatasi nyuma, na juu ya ile karatasi mwandiko yako, hesabu zako za kupima zahabu. Usilaumu shofa. Maman Zawadi alikohoa ndani ya kikwembe, na mimi ninajua kikohozi, na ninajua kicheko.

"Basi mbao itatoka wapi?" fundi akauliza.

Nikamuonyesha chumba. Kitanda yetu ya mbao nguvu ya libuyu, ile muzee alinunua vile tulioana, akaibeba ku kichwa mwenyewe kupanda mulima kwa sababu hakuamini mupagazi. Watoto wangu wote nilizaa pale. Waliipasua ku kiwanja, watu wakiangalia. Mbao ilitosha sanduku. Fundi akakamata mbao za kubakia na jogoo yangu kama mushahara. Miguu ya kitanda haikusaidia kitu, nilipikia nayo maharagi ya wafiwa. Kwa hiyo muzee analala mu kitanda yake, na mimi ninalala chini ku mukeka.

Zile noti sikuzitupa. Nilizitia mu mukebe ya maziwa ya unga. Ninajua kila moja na mwenyewe, kama vile wewe unajua mbuzi zako. Haikukawia, mama mukwe ya Maman Zawadi akakufa. Nilivaa, nilienda, niliinama, nililia muzuri sana. Nikaweka ile ya kunuka sambaza. Maman Zawadi akanifuata mpaka ku mulango.

"Koko, hii haipite."

"Ilipita kwangu."

"Lakini kwako ilikuwa kilio."

"Na hapa muko munafanya nini, munacheza dansi?"

Ikawa vile kwa jirani ingine, na ingine. Mukebe inapunguka. Sasa kilio ikiwa mu avenue yetu, wananiita nikae karibu na kitunga. Ungeona namna watu wanatafuta noti nzima mu mifuko mbele ya kunifikia, ungecheka. Mimi sicheke sana. Maiti zao zinapata sanduku ya mbao mupya. Ile adabu, ni muzee yangu aliilipia.

Sasa harusi. Mutoto hana kosa. Shofa anamuletea abakosi ya muzee, ile koti nyeusi ya sikukuu. Muzee mwenyewe alisema isiende kuoza naye, ivaliwe na kijana wa kwanza kuoa mu jamaa. Niliipiga pasi mimi mwenyewe. Mikono itakuwa mirefu. Muke yako aikunje ndani, asikate. Ile ni ya mutoto.

Ya wewe, ile noti yako, iko ndani ya hii ambilopi. Vipande vyote, angalia, sikupoteza hata kimoja. Uiweke mu kitunga ya harusi mbele ya wakwe zako, na uikunjue. Wakisema haipite, uwaambie ilipita kwa shemeji yako.

Unisalimie shangazi, umuambie ningali ninagombeza watu kwa niaba yake. Unisalimie muke yako, na mutoto mwenye anaoa, na muchumba yake hata kama sijamuona, na ule muzee katekista mwenye alikuwaka ananipatia chaki kwa siri. Waambie yaya yenu iko muzima.

Na siku utasikia nimekufa huku, usitume kitu, Kikuni. Kitanda ya kupasua haiko tena.

Ni mimi yaya yako, mwenye alikubeba ku mugongo,

Bitondo