Gundi Chini ya Rangi

4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi huku wazima, ukiacha mafua. Baiskeli yako naituma na jirani mwenye pikapu. Kile kishikio kilichovunjika kwenye fremu, kinachobana waya wa breki ya nyuma, nimekichomelea upya na kukipaka rangi. Hata ukitafuta kovu hulioni. Wagonjwa wako wasikusubiri tena.

Kaka yako

29 Machi

Kaka,

Shikamoo. Naandika kwa mkono wa kushoto, usicheke mwandiko. Nilikuwa nateremka kwenda kumfunga mgonjwa kidonda, nikabana breki, kishikio kikang'oka. Ile ya mbele unaijua, ni ya urembo tu. Ukuta ndio ulionisimamisha. Mkono umevunjika pawili. Wenzangu waliuliza fundi nani, nikasema mwendo wangu ndio mbaya. Baiskeli anakurudishia jirani. Nijibu, Kaka.

Mdogo wako

2 Mei

Kaka,

U mzima? Mbona kimya?

Mdogo wako

11 Juni

Mdogo wangu,

Vipi mkono? Nauliza kana kwamba nina haki ya kuuliza. Barua hii nimeichana mara tatu.

Sikuchomelea. Nilibandika kwa gundi, nikapiga rangi juu. Nikiwasha moto wa kuchomelea sioni kitu, ukungu mweupe tu. Mwaka mzima sasa. Ningempelekea yule binti wa ng'ambo ya barabara, niliyemfundisha kazi mwenyewe. Lakini ni mimi niliyewaambia wateja kwamba anaunguza fremu za watu. Nikaona bora gundi kuliko kumpigia hodi.

Jana nilivuka barabara na fremu yako begani. Nikamweleza yote, hadi niliyomsema. Akasogeza benchi la wateja.

"Kaa hapo, Mwalimu."

Akasugua gundi yangu hadi chuma kikang'aa, akachomelea. Akaniuliza, "Umeona mshono ulivyokaa?"

Nikasema, "Sioni, mwanangu." Sikujua pa kuficha uso.

Nisamehe ukiweza.

Kaka yako

19 Juni

Kaka,

Shikamoo. Mkono sasa unakunjika.

Gundi niliiona siku ileile, nikiwa bado chini. Nikasubiri useme mwenyewe. Miezi miwili na nusu, Kaka! Hiyo imeniuma kuliko mfupa, na hasira bado ninayo.

Kliniki ya macho ni Jumanne. Nimeshakuandikisha. Panda basi la asubuhi. Ukifika stendi usihangaike kunitafuta, kaa palepale uliposhukia. Mimi nitakuona.

Mdogo wako