Alhamisi Uliyonipa Bila Upepo

Mjukuu wangu Skola,

Koma kuninyamazia! Mwezi mzima hupokei simu ya bibi yako, kisa hesabu zako zimekukataa.

Ulinipigia mwenyewe kutoka huko ughaibuni: "Bibi, ile setilaiti iliyokufa inaanguka Alhamisi mchana, inaweza kupita juu ya Ufipa. Kaeni ndani." Nikakuuliza, una uhakika? Ukacheka. "Bibi, si ndiyo kazi yangu?"

Nami kwa kujivunia wewe nikazunguka Malangali nyumba kwa nyumba. Alhamisi tukajifungia wote. Ulezi wangu ulikuwa uwanjani, umeshapurwa, unangoja kupepetwa. Ng'ombe wa Mama Limbu, jirani yangu, hawakupewa habari za setilaiti. Walikula, wakakanyaga, wakaacha kinyesi. Kutoka angani hakikushuka hata kijiko. Jumamosi redio ikasema chombo kimeangukia baharini, mbali kabisa. Sasa Mama Limbu akiniona sokoni anapaza sauti: "Shikamoo mama wa angani! Leo tutoke au tujifungie?"

Dada yako ndiye aliyenieleza. Kumbe hewa ya huko juu huvimba jua likichachamaa, hunywea likitulia. Wewe ulidhani itakishika chombo sana. Ikakishika kidogo, kikazunguka siku mbili zaidi. Tena kilikuwa kinabingirika, hukujua kinakata hewa kwa ubapa au kwa ukingo. Na ulijua tangu mwanzo kwamba unaweza kukosea siku mbili mbele au nyuma! Ukanificha, eti bibi asichanganyikiwe.

Nichanganyikiwe na nini? Niliishia darasa la nne, lakini upepo nani alikufundisha? Ulikuwa unapanda kichuguu na ungo wangu mkongwe, unaurusha. Ungo ukilala ubapa, hewa inaubeba. Ukisimama kwa ukingo, unajibwaga. Unapiga kelele: "Bibi, leo ungo umechelewa kushuka!" Nami nikitangaza siku ya kupepeta, ulinisikia: "Kesho, upepo ukikubali." Sijawahi kutaja siku nikaacha maneno hayo.

Kukosea nakusamehe. Mara ngapi upepo umenigeuka, makapi yakanijaa usoni, nawe ukacheka mpaka ukakaa chini? Kicheko hicho nakikumbuka, na hasira haiishi. Uliyameza maneno mawili, mimi nikakosa ulezi wa mwaka.

Nasikia kuna chombo kingine unakifuatilia. Haya. Kesho piga simu, nimpe Mama Limbu, umwambie kwa mdomo wako ulikosea siku ngapi na kwa nini. Kisha nitajie siku ya hicho kingine. Na ukiitaja, malizia sentensi.

Bibi yako, asiye na ulezi.