Pikapu ya Babu Bado Ipo

Ijumaa, Ilongero

Nimetoka kuichungulia tena, bado ipo uani. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuja leo kuchukua pikapu ya marehemu babu, ambamo kuku wanataga. Nilikuwa nimeshaiaga.

Lakini jana baba aliangalia nami, kwenye simu yake, kipindi cha mafundi wanaofufua magari ya zamani. "Wazungu wana muda, mwanangu," alicheka. Kilipoisha akaniambia niweke kingine.

Leo mnunuzi akauliza, "Mzee, hiki chuma nakibeba?"

"Chuma kipi?" baba akajibu. "Hili ni gari. Limelala tu."

Asante, Mungu. Sijui kama litawaka, na vipuri tutavipata wapi... Ila jioni baba mwenyewe aliwahamisha kuku.